Bibi Amesema Usanisinuru

Mwanangu,

Chakula kimo kwenye sufuria, kipashe moto. Anua nguo mvua isije ikazikuta. Nimempeleka bibi yako hospitali. Usishtuke, si kwa ubaya! Wa kushtuka ni mimi.

Asubuhi nilikuwa namnywesha chai chumbani kwenu, macho kwenye karatasi yako ya biolojia pale ukutani. Nikasoma kwa sauti: "Mmea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua huitwaje?" Nikajikongoja, "Usani... usani..."

Akadakia: "Usanisinuru!"

Kikombe kikaniponyoka. (Chai sijaifuta, usije ukateleza.) Tangu apate kiharusi tunambembeleza aseme hata "maji", kimya. Kumbe usiku kucha anakusikiliza ukikariri! Mimi ninayemwogesha kila siku sijapata hata "asante", neno la kwanza kapewa jani la mti. Nimenuna kidogo, nakwambia ukweli.

~~Ukila tu, tufuate hospitali.~~ Hapana, baki usome, mtihani ni kesho. Daktari akishamwona tunarudi.

Halafu, mlangoni tukitoka, alisema neno la pili. Lilikuwa jina lako.

Mama