Kwa Nini Ninamtii Baba

Temeke, Alhamisi, Julai 1955

Kurasa tatu tu, na tayari nimechoka. Kule chuoni niliwahutubia wenzangu juu ya uhuru hadi sauti ikakauka, lakini leo, nikiwa likizoni, ndipo ninapoanza kusoma kitabu cha falsafa ya siasa. Kinaanza na swali ambalo sikuwahi kujiuliza: kwa nini mtu amtii anayemtawala?

Nilijibu upesi pembeni, kwa penseli: kwa hofu. Nikaliona jibu zuri, la kutamka jukwaani kwenye mkutano wetu wa uhuru Jumapili.

Jioni Baba akarudi kutoka bomani. Hata viatu hajavua, akasema, "Huo mkutano wa Jumapili huendi. Wakikusikia wewe, mimi ndiye nitakayeachishwa ukarani."

"Kwa haki gani unanikataza, Baba?"

Akamgeukia Mama. "Mama Hamisi, mwanao siku hizi anakula haki. Wali usimpakulie."

Mama alicheka hadi upawa ukamponyoka. Mimi nikautazama mkeka, nikasema, "Sawa, Baba."

Sawa, Baba. Mimi, ninayemwamuru Gavana aondoke, ingawa hajapata kunisikia.

Nimelifuta neno hofu. Baba simwogopi, hajanipiga tangu utotoni. Je, ni mapenzi? Ni wali wake? Au ni mazoea tu, na kama ni mazoea, basi hata Gavana...

Sijui. Wenzangu watanisubiri Jumapili. Alfajiri Baba ataniita nimtekee maji ya udhu, nami nitaamka kabla hajaita mara ya pili.