Nilichokiona Jikoni

Chanika, Jumapili alasiri

Mwanangu Felicitas,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Songea, na wanafunzi wako hawakuchoshi sana. Sisi tunapumua, ila kusema hatujambo nitakuwa nakudanganya. Kwenye simu nashindwa, naishia kukuuliza habari za mvua.

Mwanao Noela anazidi kuanguka. Wiki hii pekee mara tatu.

Tangu Januari alikuwa akija kuniamkia, anafika katikati ya shikamoo anakata. Macho yanaganda, kope zinapepesa, kisha anaondoka zake kana kwamba amemaliza. Kwetu Newala mtoto wa namna hiyo alirudishwa mlangoni aanze upya. Nami nikamrudisha. Mara mbili nilimchapa. Jirani yetu Salma akanitania, "Babu, mjukuu wako ana maringo huyo, utadhani binti wa waziri!" Baadaye ikawa akiamka tu mikono inashtuka, kikombe kinaruka. Nikamwita mzembe.

Kisha ikaja siku aliyoangukia jiko la mkaa. Salma ndiye aliyemtoa.

Hospitali daktari alituuliza nani aliona mwanzo wa kuanguka kwake. Akaeleza kwamba kifafa si kimoja. Kipo kinachoanzia upande mmoja wa mwili; kipo cha kuganda macho sekunde chache, ambacho wakubwa hudhani ni kiburi; kipo cha mikono kushtuka asubuhi; na kipo kile kikubwa cha kukakamaa na kutetemeka mwili mzima. Dawa zake hazifanani, na inayotuliza hiki yaweza kuchochea kile. Salma akasema alimkuta akivuta mkono mmoja. Mimi nikasema nilikuwa chooni, sikuona kitu, na kabla ya hapo mtoto alikuwa mzima. Basi akaandikiwa dawa kwa maneno ya Salma, na tangu hapo hali ni mbaya zaidi.

Felicitas, nilikuwepo. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake. Alipiga ukelele, akakakamaa mikono yote miwili kwa pamoja, akaanguka, povu likamtoka. Utotoni tuliambiwa anayeguswa na povu lile huupata ugonjwa. Nimesoma vitabu miaka hamsini, najua ni uongo, na bado miguu ilikataa. Mkono ule alioutaja Salma, alikuwa akiuvuta kwa sababu ulikuwa unaungua. Nilisimama nikatazama mpaka Salma akaruka uzio.

Kesho asubuhi nakwenda kumweleza daktari yote, pamoja na fimbo. Salma nimeshamwambia. Alimchukua Noela akalale kwake.

Njoo, mwanangu. Sikuombi unisamehe. Mtoto anahitaji mtu atakayemshika akianguka, nami sijui kama ni mimi.

Noela anakusalimu sana. Wasalimie walimu wenzako, na Mungu akulinde njiani.

Baba yako,
Venance