Nusu Yako ya Bustani ya Matufaha

Shamba la Auvray,
Karibu na Bayeux,
Normandi.

Vendemia 28, mwaka wa nne wa Jamhuri
(kwetu tuliobatizwa, Jumanne tarehe 20 Oktoba 1795)

Mpendwa mdogo wangu Guillaume,

Bustani ya matufaha imetoka mikononi mwangu Ijumaa tarehe tisa mwezi huu, saa nne asubuhi. Miti mikubwa arobaini na mitatu aliyoiacha baba, na miche hamsini na miwili niliyoipanda na kuibebesha vikonyo kwa mikono yangu. Jumla tisini na mitano. Nimetangulia kulisema hilo usije ukasoma salamu zangu ukadhani nakuandikia kwa raha.

Sasa salamu. U hali gani huko Brest? Wifi yangu Marivonne hajambo? Ule mguu wako ulioangukiwa na ubao kwenye karakana ya meli umepona, au bado unachechemea kama ulivyoniambia wakati wa Pasaka? Na wanao wawili wanakua? Waambie shangazi yao wa Normandi anawauliza, ingawa hawamjui kwa sura.

Hapa sisi ni wazima. Mwanangu Victoire ametimiza miaka kumi na saba na anakula kama mtu wa kulima. Ng'ombe ni kumi na mmoja, wanaokamuliwa ni wanane. Siagi inatoka vizuri. Mkate ndio shida, tunakula uji kutwa mara mbili. Mimi binafsi sina ugonjwa. Nalala, naamka, nakamua. Ukiniuliza najisikiaje, nitakuambia sijisikii, kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Upo, unauona, lakini si wako.

Ulikuwa mbali wakati wote huo, kwa hiyo ngoja nikupangie mambo yalivyofuatana. Kaka yetu Jacques najua atakuandikia yake.

Nilipoolewa na marehemu Toussaint, baba alifuata sheria ya Normandi kama babu zake walivyoifuata. Urithi ni wa wana wa kiume. Binti akishavishwa shada lake la waridi siku ya harusi, amemalizana na nyumba ya baba yake. Mimi nilipata shada, mashuka sita, na ng'ombe mmoja mwenye pembe iliyovunjika. Sikulalamika. Nani angelalamika? Ilikuwa kama kuilalamikia mvua. Waridi zile zilinyauka siku ya tatu. Yule ng'ombe ndiye bibi wa hawa kumi na mmoja.

Baba akafariki tarehe 9 Machi 1790, wewe na Jacques mkagawana mashamba, bustani mkaiacha ya pamoja. Na hapo pia sikudai kitu.

Kisha mwezi Januari wa mwaka 1794 ikaja ile sheria ya Paris. Waliisoma mlangoni pa kanisa, ambalo wakati huo walikuwa wameligeuza ghala la nyasi kavu. Watoto wote sawa, wa kiume na wa kike, na hesabu ianzie kwa kila mzazi aliyekufa tangu Julai 14, 1789. Nilidhani msomaji amekosea. Nikamwomba arudie. Akarudia, kwa uchovu, kwa kuwa nilikuwa mwanamke wa nne kumwomba.

Tukagawana upya katika mafungu matatu, na bustani ikaniangukia mimi. Jacques alitia sahihi. Wifi Colette, mkewe, hakuniamkia kwa mwezi mzima. Lakini wewe uliniandikia kutoka huko, na barua yako ninayo hadi leo kwenye sanduku la chumvi, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Umeandika hivi: "Dada, ni haki yako. Sheria imechelewa tu."

Nilifanya kazi, Guillaume. Wewe unanijua. Majira yale yale ya kuchipua nilibebesha miche sitini upande wa chini, kwenye ile ardhi ambayo baba aliita ya mbuzi. Baridi ya mwaka jana, ile iliyogandisha maziwa ndani ya ndoo, iliua minane. Hamsini na miwili ikasimama. Mche wa tufaha hutaka miaka saba ndipo ukupe tunda la kukamulia pombe.

Na sasa mwezi Agosti Paris imesema tena. Sheria haiwezi kurudi nyuma, wanasema. Aliyefiwa kabla ya Januari ile arudi chini ya sheria ya zamani, na mabinti warudishe walichopewa. Nimehesabu kwa vidole na kwa kalamu. Sheria iliyonifanya mtoto wa baba yangu ilidumu miezi kumi na tisa na siku ishirini.

Jirani yetu Marguerite Quesnel anabaki na fungu lake lote. Baba yake alikufa Februari 1794. Mimi na yeye tumezaliwa mwaka mmoja, tumeolewa mwaka mmoja, hata mashada yetu yalifumwa na bibi mmoja. Tumetofautiana siku ambayo baba zetu walikata roho, basi. Baba yetu angevumilia miaka mitatu, miezi tisa na siku ishirini na nane, bustani ingekuwa yangu leo. Juzi nikiwa nakamua nilijikuta natamani angeishi muda huo, na haikuwa kwa kumpenda. Niliposhtuka ndoo ilikuwa imejaa na kumwagika. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Ile Ijumaa nilikwenda mwenyewe kwa mwandishi wa hati. Nikatia sahihi, nikampa Jacques ufunguo wa lango. Aliniuliza, "Huna la kusema, Perrine?" Nikamwambia bawaba ya chini inataka mafuta. Nikarudi nyumbani nikasukasuka siagi. Victoire alilia, mimi nilimpa chumvi aiponde.

Sasa sikiliza kilichotokea Jumanne iliyofuata, tarehe kumi na tatu, maana hiki ndicho kinachonifanya nikuandikie.

Nilikumbuka kuwa ngazi yangu nimeiacha bustanini. Bustani si yangu, lakini ngazi ni yangu. Nilipofika langoni nikamkuta Jacques na vibarua watatu wenye sululu upande wa chini. Walikuwa wameshang'oa mche mmoja, umelala na mizizi yake juu. Anataka kupanda shayiri. Watu wanataka mkate, si matufaha, na ana watoto watano. Mimi si kipofu.

Guillaume, unamkumbuka baba siku ile alipomzuia msaga unga asichimbe mfereji kwenye shamba letu? Alivyovua kofia, akapiga magoti kwenye matope, akalia haro, kile kilio chetu cha kale cha kuomba haki, mara tatu, na wachimbaji wote wakaangusha majembe hadi mahakama iliposikiliza? Wewe ulikuwa na miaka sita, ulicheka, ukachapwa.

Naapa sikukusudia. Kitambaa cha kichwani nilikuwa nacho mkononi, magoti yalikuwa ardhini, na sauti ilikuwa imeshatoka. "Haro! Haro! Haro! Nisaidie, mkuu wangu, ninadhulumiwa!"

Sululu zote tatu zikaanguka kwa pamoja. Mzee Hamon, yule kibarua wa siku zote, alivua kofia. Na Jacques naye, Guillaume. Kaka yetu alivua kofia yake akasimama ameishika kifuani, kama mtu aliye mbele ya jeneza.

Kisha akazinduka.

"We Perrine, una wazimu? Mkuu gani unamwita? Si wamemkata kichwa!"

"Simjui. Nimemwita tu."

"Ukisikika unaita wafalme utanitia na mimi matatani! Hamon, chimba."

"Sichimbi," akasema Mzee Hamon.

"Nimekulipa kutwa nzima!"

"Na kutwa yako utaipata, lakini si kwenye shimo hilo. Mwanamke kasema haro."

"Haro imekufa, mzee! Wameifuta, pamoja na mahakama yake na kila kitu!"

"Imekufa? Basi chimba wewe, uliyehudhuria maziko yake."

Vibarua wale wawili wakacheka chinichini. Jacques akaokota sululu. Akaiinua hadi begani. Ikakaa pale, naona hata pumzi tatu. Akaishusha taratibu, akaivaa kofia yake, akaniambia bila kunitazama, "Chukua ngazi yako uende."

Nikaichukua. Ni nzito ile ngazi, hutaka watu wawili. Mzee Hamon akashika upande wa pili.

Nyumbani Victoire alinipokea mlangoni, habari zilikwisha kunitangulia. "Mama, kweli ulimlilia mfalme? Wewe uliyekula nyama siku aliyouawa?" Nikamwambia nilikula kwa sababu nyama ilikuwapo. Ila swali lake lilinikaa. Sheria ya kale iliyonipa shada la waridi ndiyo hiyo hiyo iliyonipa kilio kile. Shada wamenirudishia kwa muhuri. Kilio wanasema kimekufa. Wamechagua wao kipi kifufuke.

Alhamisi tuliitwa kwa hakimu, raia Enguehard, ambaye zamani alikuwa anauza ngozi na sasa anavaa mshipi wa rangi tatu. Alianza kwa kunionya. "Raia Perrine, kilio hicho hakina tena mtu wa kukisikia. Nikikisikia mimi, kazi sina."

Nikamjibu, "Wamekisikia watu wanne. Wawekee maandishi kwamba wasisikie."

Alicheka, kisha akafungua kitabu chake, maana ni mtu wa haki kwa kadiri mshipi unavyomruhusu. Akasema hivi. Bustani imerudi kwa wana wawili, Jacques na Guillaume, nusu kwa nusu, na haijagawanywa. Nusu moja ni yako. Jacques hawezi kung'oa mti ndani yake bila wewe kukubali kwa maandishi. Na akaongeza jambo ambalo nilimwomba arudie, kama nilivyomwomba yule msomaji wa mlangoni pa kanisa. Sheria imekurudishia nusu yako, lakini haikukukataza kunipa.

Hapo Jacques akasema, "Guillaume ameshaniandikia. Kaniambia nifanye nitakavyo."

Hakimu akataka kuiona barua. Jacques akasema iko nyumbani, ataileta. Akapewa hadi siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, saa sita mchana. Siku hiyo ama ataonyesha kibali chako, ama mimi nitaonyesha neno lako. Hadi hapo hakuna anayechimba. Asipokuwapo wa kuonyesha lolote, hakimu ataigawa bustani kwa kura, na fungu lako atakabidhiwa Jacques akutunzie, kwa kuwa yeye ni mwanamume na yuko karibu. Atakavyokutunzia unajua. Kwa shayiri.

Simwiti kaka yetu mwongo. Inawezekana umemwandikia. Inawezekana ulimwandikia zamani, kwa jambo jingine, naye akalivuta likafika hapa. Sijui. Nimejaribu kukasirika kwanza na yeye, kisha na wewe, kisha na Paris, na hasira haikuja hata moja. Jana nilipita nje ya ua nikaihesabu miche. Ule uliong'olewa mtu ameurudisha shimoni akaukanyagia udongo vizuri. Alama za kiatu ni za mguu mkubwa. Mzee Hamon anavaa kiatu kidogo. Sitasema zaidi, maana sijui maana yake.

Nisalimie wifi Marivonne na wanao. Victoire anawasalimu wote, na anauliza kama ni kweli huko Brest wanaweka chumvi kwenye siagi. Mzee Hamon anakusalimu, anakukumbuka kwa ule mchapo wa matopeni. Wifi Colette sasa ananiamkia; nimekufikishia ingawa hakunituma. Mungu auponye mguu wako, akupe mbao zilizokauka vizuri na mabwana wanaojua kupima. Akulinde na maji ya huko.

Sasa swali langu, Guillaume, na ni moja. Ulipoandika "Dada, ni haki yako", ulikuwa unaisoma sheria ya siku hiyo, au ulikuwa unasema wewe? Kama ulikuwa unaisoma sheria, imebadilika, nami sikulaumu. Niandikie hapana, nitajua, nitakamua ng'ombe wangu. Kama ulikuwa unasema wewe, iandike tena kwa mkono wako, utaje nusu yako ya bustani, utaje jina langu, na mashahidi wawili watie sahihi. Usiniandikie kwamba mambo ni magumu. Usiniandikie kwamba tuelewane mimi na Jacques. Barua huchukua siku nane kuja kwako na siku nane kurudi. Zimebaki ishirini na mbili. Nimekuachia sita za kufikiri, na nadhani ni nyingi. Ndiyo au hapana, iwe mezani kwa raia Enguehard kabla ya saa sita mchana, siku ya Mtakatifu Martin.

Ni mimi dada yako, niliyekupenda kabla ya sheria zote tatu,

Perrine Auvray