Simu ya Bosi Iliyonyooshwa

Kaka, shemeji yako amenipigia sasa hivi kutoka chooni kazini kwake. Ananong'ona.

Asubuhi alikalia kiti cha bosi ili apange mafaili ya mezani. Akahisi kitu chini yake. Kuinuka, ni simu mpya ya bosi, imekunjika katikati.

Imekunjika kabisa, kaka. Na unaujua mwili wa shemeji yako, hakuwa na shaka kwamba ni yeye.

Akainyoosha taratibu. Ikanyooka, kioo hakina hata ufa. Akasema Mungu si Athumani. Ila pale katikati palikuwa panalegea, basi akatoa gundi ya viatu kwenye droo yake, akapaka kwenye mkunjo wote. Funika kombe mwanaharamu apite.

Baadaye bosi akaingia na wageni. Akaichukua simu, akawaambia, "Hizi ndizo za kisasa. Unaikunja, inaingia mfuko wa shati."

Kumbe zimeumbwa hivyo, kaka. Zinakunjwa.

Bosi akakunja. Haikukunjika. Akatabasamu, akakunja kwa mikono miwili. Wageni wakaanza kutazama dari. Akaiweka gotini.

Ikakunjika. Kipande kimoja huku, kingine kule.

Kisha bosi akamgeukia shemeji yako, kwa upole kabisa: "Mama, droo yako haikosi kitu. Hebu niangalizie gundi."

Ndiyo maana yuko chooni. Gundi ameingia nayo.