Maharagi ya Bonde na ya Mulima

Mujukuu wangu Furaha,

Papa yako amepona kikohozi, na sisi wote hapa Kalembe tunakusalimia. Unauliza kwa nini mwalimu anagawanya kwa jumla ya mustari mumoja wa tableau, ile jedwali ya hesabu, siyo kwa watu wote.

Miaka ya sitini nilikuwa na wivu na jirani yangu Zawadi. Yeye alilima bondeni, mimi mulimani, na bwana yangu alimusifu kila siku. Agronome, mutaalamu wa kilimo, akauliza wanamuke makumi tatu juu ya mavuno yao, kisha akatangaza: "Wenye walivuna vizuri iko kumi na munane, na kumi kati yao njo wa bonde. Wote mushuke bondeni!"

Zawadi akaniangalia akicheka. Wivu ukanichoma, nikasimama.

"Na wenye maharagi yao ilioza?"

Agronome akachora tableau. Bondeni walilima wanamuke ishirini, wakavuna vizuri kumi. Mulimani tulilima kumi, tukavuna vizuri munane.

"Kumi kwa ishirini ni nusu tu, lakini munane kwa kumi ni karibu wote. Basi mulimani njo kuko bahati zaidi," akasema. Njo maana mwalimu wako anagawanya kwa mustari.

Musimu uliofuata Zawadi akaniomba kipande cha shamba mulimani, nikamupa. Maharagi yake ikazaa kuliko yangu, na bwana yangu akamusifu tena. Mpaka leo, nikimuona kanisani, bado inaniuma.

Koko wako