Land Rover ya Baba Ilipowaka

Lemara, Arusha
Jumapili

Mpendwa dada Silantoi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba joto la Dodoma halijawasumbua sana. Huku mvua inanyesha na mlima umejificha wiki nzima. Mimi ni mzima kiasi. Utanisamehe mwandiko: mkono wa kulia umefungwa plasta, naandika kwa wa kushoto. Kwenye simu nilikwambia nimeanguka. Sikuanguka, dada. Baba alikuwa ameketi pembeni anasikiliza, nikashindwa kusema.

Unakumbuka tulivyokubaliana baada ya msiba wa mama yetu, Yeyo, kwamba Baba, kwa macho yale yasiyoona tena, asibaki peke yake, aje kwako. Unakumbuka pia jibu lake, kwamba hapandi basi la mtu, na kwamba ataondoka Sombetini siku Land Rover yake itakapomtoa. Tulicheka wote, maana gari lilikuwa limekufa uani tangu bloku ya injini ilipopasuka, kuku wanatagia ndani. Ukanitania kwamba mimi si ndiye fundi, basi nilitengeneze. Neno lile nililibeba.

Nilipata injini ya dizeli iliyotolewa kwenye Hiace, bado nzuri. Nikamwita Nathanaeli wa Usa River, fundi umeme niliyefanya naye kazi gereji moja kabla hajachukuliwa na shamba la maua kutunza pampu zao za maji. Hukuwahi kukutana naye. Ni mtu aliyeimba nyimbo za kanisani akiwa amelala chini ya gari, grisi inamdondokea usoni, na kila akimaliza sauti ya kwanza ananidai sauti ya pili. Alikuja siku zake za mapumziko, akanikataza kumzungumzia malipo, akasema Baba, Mzee Yiamat, ni kama baba yake pia.

Kuioanisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover si mchezo. Tulichongesha sahani ya chuma ya kuziunganisha, ikaja imepinda kidogo, klachi ikagoma kuachia. Tukaishusha injini nzima tena kwa mnyororo. Vishikizo vya injini tukavichomelea upya. Feni ikawa inagusa rejeta, tukaisogeza. Muda wote Baba aliketi kwenye kigoda karibu nasi, anaomba apewe kila kifaa akishike, na kwa vidole tu anakitaja jina. Nilifurahi, dada. Nikasema moyoni kwamba kazi hii imemrudishia uhai.

Siku injini ilipowaka tulipiga kelele kama watoto. Ikaunguruma kidogo, ikakohoa, ikazimika. Tukajua inavuta hewa pamoja na dizeli. Tukaitoa hewa, ikawaka vizuri mpaka jioni. Asubuhi yake ikazimika tena. Tulibadilisha chujio, tukafungua pampu ya dizeli, tukazilaumu nozeli. Kila tulipoirekebisha ililala nzima na kuamka mgonjwa. Mwishowe Nathanaeli akapitisha mkono kwenye mpira wa dizeli, akakuta kibano kilicho karibu na tangi kimelegea kabisa. Alimwomba Baba msamaha, akasema bila shaka alisahau kukikaza. Baba akamjibu kwa upole kwamba kila fundi husahau.

Tangu hapo haikuzimika tena. Ijumaa moja jioni nikamwambia Baba kwamba Jumatatu tunaondoka kwenda Dodoma. Aliniuliza kama nina hakika gari litafika, nikamwambia litafika na kurudi. Akasema vema, akaomba chai.

Jumamosi yake asubuhi nilikwenda kwa miguu dukani kutafuta bolti za ekzosi. Nathanaeli alisema atalizungusha gari mtaani kidogo asikilize giaboksi. Nikiwa narudi niliona pikipiki zote za kijiweni zinakimbilia upande mmoja, na watu wanaokota mawe. Sikuelewa mpaka nilipoiona Land Rover imewekwa kati kwenye kona, vioo vyote vimevunjwa. Walikuwa wamemvuta Nathanaeli nje. Nilipiga kelele kwamba ni gari letu, ni fundi wetu, lakini nani asikie? Nililala juu yake, na hapo ndipo mkono wangu ulipovunjika. Wale vijana wa bodaboda wananijua, dada. Waliponitambua, mikono yao ilishuka, kisha mmoja mmoja wakawasha pikipiki wakaondoka.

Nathanaeli alifia hospitali kabla ya jua kuzama. Tulimzika kwao juu ya Usa River, kwenye migomba yake.

Aliyeita mwizi alikuwa Baba. Mtaa mzima ulimsikia, amesimama getini na fimbo yake, analia kwamba gari lake linaibiwa. Wote tukasema jambo moja: mzee haoni, sauti ya injini ni ngeni, hakuitambua. Ndivyo nilivyowaambia polisi, na wakaandika hivyo. Usiku nilikuwa nikijilaumu mimi niliyeibadilisha ile sauti.

Baada ya mazishi, mjane wake, Elifuraha, alikuja Sombetini. Alikuja kumpa pole Baba, dada. Alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, akamwambia asijilaumu, kwamba ni ajali, na kwamba Nathanaeli asingependa mzee aishi na huzuni. Baba alimwekea mkono kichwani akambariki.

Alipoondoka nilikuwa nalia. Baba akaniambia ninyamaze, maana nalia bure. Akasema alijua ni Nathanaeli. Nathanaeli alimwamkia pale getini, akamwambia anatoka kidogo kulijaribu gari, naye Baba ndiye aliyemfungulia geti. Akasema hata kile kibano alikuwa akikilegeza yeye, kila tulipokwenda kulala, mpaka sisi tulipokigundua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mlitaka kunitoa hai nyumbani kwangu. Mimi sikuwa na kitu kingine cha kuwazuia."

Nikamwambia nitakwenda kumweleza Elifuraha. Hakushtuka. Alisema, "Nenda. Sasa analilia ajali. Wewe mpelekee kingine cha kulilia, halafu urudi uniambie kama amelala vizuri."

Nilikwenda. Elifuraha alinikaribisha, akanipakulia chakula, akanishukuru kwa kumkinga mume wake kwa mwili wangu. Nikamwambia yote. Aliiondoa sahani yangu mbele yangu. Kisha akaniuliza kwa nini nimemletea jambo hili nyumbani kwake. Alisema mpaka asubuhi ile alikuwa anaweza kuomba, na sasa hajui ataanzia wapi. Kuhusu polisi hakusema atakwenda wala hatakwenda. Alinisindikiza mpaka barabarani, kwa adabu, akaniomba nisirudi tena.

Dada, kwa hilo Baba alikuwa sahihi, na ndilo linaloniua.

Tangu siku hiyo silali Sombetini. Nimepanga chumba huku Lemara. Ufunguo wa nyumba nimemwachia jirani, naye humpelekea Baba uji asubuhi na chakula jioni, lakini amesema hawezi kuendelea hivyo. Siendi kumwona. Nilijaribu mara moja, nikafika getini, nikamsikia ndani akiuliza nani, nikageuka. Najua ni kipofu, najua ni baba yetu. Ukitaka, njoo umchukue mwenyewe, kwa basi au kwa nguvu, nami sitakuzuia wala sitakusaidia. Usipokuja, pia sitakuuliza.

Nisalimie shemeji. Wapwa zangu wabusu, na wakiuliza habari za babu yao, waambie hajambo. Mungu awalinde huko mliko.

Ni mimi mdogo wako,
Lesian