Kuhusu Okidi Zilizochimbwa Bonde la Ntembwe

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Hezron Nzunda
Umri: Miaka 84
Kazi: Mwalimu mstaafu wa biolojia
Makazi: Ihanda, Mbozi
Tarehe: 23 Juni 2025, saa 4:10 asubuhi

Nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Moyo wangu umechoka na daktari hajanificha. Sitegemei kuziona mvua zijazo.

Msitu wa hifadhi wa Ntembwe una miti ya kale, na chini yake, bondeni, huchanua okidi wakati wa mvua. Zikishanyauka, hakuna anayeweza kujua zilipo. Kwa hiyo mwezi Januari mwaka huu, mimi na mlinzi wa msitu, Ambakisye, tulichomeka kijiti cha mwanzi kando ya kila ua, ili tuzihesabu na kuzilinda. Zilikuwa 212. Nilichora ramani kwa mkono wangu.

Mwezi Mei mke wangu, Ruti, alikuwa mahututi. Yeye ni mzaliwa wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Aliomba chikanda, chakula cha kwao, viazi vya okidi vilivyotwangwa na kupikwa na karanga. Kwa miaka hamsini nilikuwa nimemkataza.

Mnamo tarehe 19 Mei, saa 3 asubuhi, nilimwita Nesta wa Chapwa, Tunduma, anayewauzia Wazambia viazi hivyo. Alicheka. "He! Mwalimu aliyetufukuza miaka yote, leo naye anataka kula maua?"

Nilimpa ramani. Nilimwambia achimbe mimea mitano tu, na kwa kuwa kila mmea una viazi viwili, achukue cha mwaka huu na kuacha cha mwaka ujao, ili mmea uchipue tena.

"Cha mwaka huu kimeshasinyaa, Mwalimu. Nani atakila?"

Nilimsikia vizuri. Sikumnyang'anya ramani.

Tarehe 22 Mei alileta chikanda. Ruti alionja vijiko viwili, akasema chumvi imezidi.

Tarehe 29 Mei Ambakisye alikuta bonde lote limechimbuliwa, akatoa taarifa yeye mwenyewe. Ramani iliokotwa pale. Alipoulizwa, alisema ni yake. Si kweli. Nilimfundisha tangu kidato cha kwanza; anaujua mwandiko wangu.

Ruti alifariki tarehe 30 Mei. Tarehe 1 Juni Ambakisye alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Tulipomaliza kuzika, polisi walimchukua. Alipanda gari akiwa na udongo mikononi. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale. Sikusema neno, na kwa wiki tatu sikusema neno.

Ambakisye hakumwelekeza mtu yeyote. Ni mimi. Naomba aachiwe.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na kuyanyamazia. Nimeyasema nikiwa na akili timamu.

Sahihi: H. Nzunda

MAELEZO YA AFISA: Nilimwonya shahidi kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake mahakamani. Akasema, "Andika, mwanangu." Nilimsomea yote, akakiri ni sahihi. Kabla ya kusaini aliomba Ambakisye awepo, nikamtoa mahabusu. Ambakisye alimwambia, "Mwalimu, iache hiyo kalamu. Mimi bado nina nguvu, nitavumilia." Shahidi alimjibu, "Kaa kimya, Ambakisye," kisha akasaini. Saa 5:25 asubuhi.

Koplo Brenda Mwampashi